Kichwa Kisichoachia na Degedege: Damu Inapoganda Kwenye Vena za Ubongo

Mama amejifungua siku kumi zilizopita na sasa analalamika kichwa. Nyumbani wanasema ni usingizi wa mapande, ni damu iliyopungua, ni baridi ya Mbozi imemwingia. Anapewa panadoli, anakandwa maji ya moto, anaambiwa apumzike. Kichwa hakiachii. Kinamwamsha alfajiri, kinazidi akilala chali au akikohoa, na macho yanaanza kuona ukungu. Kisha siku moja mkono wa kulia unaanza kurukaruka wenyewe, mdomo unavutwa upande mmoja, na mwili mzima unakakamaa. Hapo ndugu wanagawanyika. Mmoja anasema kifafa cha mimba, mwingine malaria imepanda kichwani, mwingine anakumbuka maneno ya jirani aliyekosana na familia.

Liko jibu jingine ambalo mara nyingi halitajwi na mtu. Damu inaweza kuganda ndani ya vena za ubongo, mishipa inayotoa damu kichwani na kuirudisha kwenye moyo. Si ugonjwa wa kila siku, na wengi wanaoumwa kichwa baada ya kujifungua hawana shida hii. Ila ukigunduliwa mapema unatibika kuliko watu wanavyodhani. Utafiti mkubwa ulioongozwa na daktari José Ferro wa Ureno, uliochapishwa mwaka 2004, ulifuatilia wagonjwa 624 wa nchi 21. Robo tatu walikuwa wanawake. Karibu tisa kati ya kumi waliumwa kichwa, na karibu wanne kati ya kumi walipata degedege. Mwishowe, karibu wanane kati ya kumi walipona kabisa au walibaki na dalili ndogo tu.

Wengi wetu tulisikia habari za damu kuganda ubongoni wakati wa UVIKO-19. Aprili 13, 2021, Marekani ilisitisha kwa muda chanjo ya Janssen baada ya wanawake sita kupata tatizo hili, kati ya dozi zipatazo milioni 6.8 zilizokwisha kutolewa. Chanjo hiyohiyo ndiyo Tanzania ilianza nayo Julai 28 mwaka ule, na mabishano yake yalifika hadi vijiwe vya bodaboda. Kelele zile zilimalizikia kwenye chanjo, ilhali ujauzito, uzazi na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vimekuwa vikigandisha damu kwenye vena hizo miaka yote bila mtu kupiga kelele.

Kwa nini kuganda kwa damu kulete degedege? Mkazi wa Tunduma, kwenye mpaka na Zambia, hahitaji maelezo marefu. Mambo yakikwama mpakani, malori hayarundikani getini peke yake. Foleni inarudi nyuma kuelekea Mpemba na mitaa ya pembeni nayo inaziba. Ndivyo inavyokuwa kichwani. Vena kubwa ikiziba, damu inayotoka kwenye ubongo inakosa njia, inarudi nyuma, sehemu ile inavimba, na vijishipa vidogo vinaweza kupasuka na kuvujisha damu. Eneo linaloumia zaidi mara nyingi ni gamba la juu la ubongo, ambalo likichokozwa hutoa amri zisizo na mpangilio. Mkono unaruka, jicho linapepesa, mtu anaanguka. Kiharusi cha kawaida, kile cha ateri kuziba, huanza na degedege kwa wachache tu. Kwa hiyo mtu mwenye kichwa cha siku kadhaa, akaongeza degedege, hasa iliyoanzia upande mmoja wa mwili, ametoa alama mbili ambazo mhudumu wa afya hapaswi kuzipita.

Wa kuangaliwa kwanza ni mjamzito, na zaidi ya huyo ni aliyejifungua ndani ya wiki sita, kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji. Anafuata anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili. Wamo pia wenye selimundu, wenye upungufu mkubwa wa damu, wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wenye saratani, na mtoto au mtu mzima mwenye sikio linalotoa usaha ambalo limeachwa miezi mingi hadi mfupa wa nyuma ya sikio ukavimba. Kukaukiwa maji mwilini kwa kuhara na kutapika kunaongeza hatari. Na wapo ambao chanzo hakionekani kabisa.

Akianguka

Mlaze ubavu, mate na matapishi yatoke nje yasiingie kifuani. Weka kanga au koti chini ya kichwa, legeza nguo ya shingoni, ondoa jiko, sufuria na chochote chenye ncha. Mtoto mchanga achukuliwe na mtu mwingine mara moja. Angalia saa kwenye simu. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni, usimmwagie maji, usimnusishe kitunguu wala kiatu. Akiwa bado hajazinduka, usimnyweshe chochote, hata maji ya kombe.

Kuna hofu ambayo bado inaua watu huku kwetu: kwamba ukigusa mate ya anayeanguka, au akijamba ukiwa karibu, kifafa kinakuhamia. Hakuna kifafa kinachoambukizwa kwa mate wala kwa hewa ya tumbo. Watu wakikimbia, aliyeanguka anabaki kifudifudi au karibu na mafiga, na makovu mengi ya moto kwa wagonjwa wa kifafa yanatokana na dakika hizo za kuachwa peke yao.

Degedege ikipita dakika tano, au ikirudi kabla hajapata fahamu, ni dharura ya kukimbizwa kituoni palepale. Lakini kwa mjamzito na kwa aliyejifungua juzijuzi, hata degedege ya nusu dakika iliyokwisha yenyewe ni dharura. Asibembelezwe kwamba amepata nafuu.

Ukiweza, mtu mmoja arekodi kwa simu sekunde kadhaa, si za kurusha kwenye makundi ya WhatsApp bali za kumwonyesha daktari. Iwapo ilianza mkono wa kulia au wa kushoto, iwapo macho yaligeukia upande gani, iwapo baadaye mguu ulibaki mzito: hizo ni habari ambazo hakuna mashine itakayozitoa baada ya saa sita.

Usafiri na rufaa

Kwa mama mjamzito, aliyejifungua hivi karibuni na mtoto mchanga, piga 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaotafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa amfikishe mgonjwa kituoni, na kutoka kituo kwenda hospitali kubwa. Wengi hudhani ni ya uchungu wa kuzaa tu. Kichwa kikali na degedege baada ya kujifungua ni sababu tosha ya kuipiga.

Usimpakie mtu wa degedege kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Akianguka tena njiani, mtaanguka wote.

Kituo cha kwanza kitakuwa kile kilicho karibu: kituo cha afya, Hospitali ya Mji wa Tunduma, hospitali ya mkoa wa Songwe pale Vwawa, hospitali ya misheni ya Mbozi, Isoko kwa watu wa Ileje, Mwambani kwa walio upande wa Mkwajuni. Huko atatulizwa degedege, atapimwa presha, malaria, sukari, damu na mkojo. Hatua inayofuata ni picha ya kichwa, na isipopatikana huko, hiyo ina maana ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, zaidi ya kilomita mia moja kutoka mpakani kwa barabara inayomilikiwa na malori. Kabla ya kuondoka, mwombe mhudumu apige simu aulize kama mashine ya CT inafanya kazi siku hiyo na kama kuna dawa ya kung'arisha mishipa. Simu hiyo ya dakika mbili inaokoa siku nzima. Na kwa kuwa kitengo cha wazazi cha hospitali hiyo kiko Meta, mahali pengine mjini, dereva aambiwe mapema mgonjwa anapokelewa wapi.

Maswali ya kumuuliza daktari

Hapa ndipo ndugu wa mgonjwa wanapoweza kusaidia zaidi, na ndipo wanapokaa kimya kwa kuogopa kuonekana wajuaji.

Degedege ya mjamzito au aliyejifungua kwanza hutibiwa kama kifafa cha mimba, kwa sindano za magnesiamu salfeti. Ni sawa kabisa. Kifafa cha mimba ni cha kawaida zaidi na kinaua haraka, hivyo usimzuie muuguzi kuchoma sindano hiyo kwa sababu umesoma makala. Swali linakuja baadaye. Kama presha ilikuwa ya kawaida na mkojo hauna protini, kama kichwa kilitangulia kwa siku nyingi, kama degedege ilianzia upande mmoja, kama mkono au mguu umelegea, kama degedege imerudi licha ya magnesiamu, au imetokea siku nyingi baada ya kujifungua: uliza kwa heshima, "Daktari, je, yawezekana damu imeganda kwenye vena za ubongo?" Hakuna daktari mzuri atakayechukia swali hilo. Atakayechukia, uliza tena.

Picha ikipigwa, jambo moja lishikwe sana. CT ya kawaida, isiyo na dawa ya kung'arisha, inaweza kutoka safi ilhali vena imeziba. Kuambiwa "picha haina shida" si mwisho wa habari. Kinachohitajika ni CT ya vena yenyewe, inayopigwa baada ya kuchomwa dawa ya kung'arisha, au MRI pale inapopatikana. Uliza: "Vena zimeangaliwa?"

Picha hiyo ina kazi nyingine kwa watu wa mkoa huu. Mbozi imechunguzwa kwa miaka mingi na watafiti kwa sababu ya minyoo tegu ya nguruwe, ambayo mayai yake yakimezwa huweza kujenga vifuko ubongoni na kuleta kifafa. Mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo, yanaingia kwenye maji na mboga, kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto maisha yake yote anaweza kuyameza. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, homa ya uti wa mgongo ya fangasi nayo inaleta kichwa na degedege. Magonjwa haya matatu yanafanana ukiyatazama kitandani, na tiba zake ni tofauti kabisa. Kumpa mgonjwa dawa za kifafa pekee na kumrudisha Tunduma bila picha ni kumtuliza tu.

Ikithibitika kwamba vena imeziba, dawa kuu ni ya kuzuia damu kuganda. Huanza na heparini ya sindano, kisha vidonge kama warfarini. Na hapa familia nyingi hushtuka: picha inaonyesha damu imevuja ubongoni, halafu daktari anataka kumpa dawa inayofanya damu isigande? Wengine wamewahi kukataa. Jibu ni kwamba damu ile ilivuja kwa sababu njia ya kutokea imeziba. Usipozuia donge lisikue, itaendelea kuvuja. Watafiti wa Ujerumani walilijaribu hilo kwa wagonjwa 20 na kuchapisha matokeo mwaka 1991. Kati ya kumi waliopewa heparini, wanane walipona kabisa na hakufa hata mmoja. Kati ya kumi ambao hawakupewa, alipona kabisa mmoja, wakafa watatu. Idadi ni ndogo, lakini tofauti ile ilibadilisha tiba duniani. Mkitakiwa kutoa idhini, toeni.

Dawa ya kifafa hutolewa kwa aliyekwisha kupata degedege. Ambaye hajapata kwa kawaida hapewi kwa ajili ya kujikinga tu. Zipo dawa kadhaa, na hazilingani. Fenobabitoni, fenitoini na karbamazepini ndizo zinazopatikana kirahisi vituoni, lakini hulisukuma ini liiyeyushe warfarini kwa kasi, kwa hiyo damu inaweza kurudi kuganda mtu akidhani yuko salama. Zinapunguza pia nguvu ya dawa za kufubaza virusi, ikiwamo dolutegraviri iliyo kwenye vidonge ambavyo wengi wanatumia sasa. Valproeti inaweza kumletea mtoto aliye tumboni ulemavu, hivyo si ya kumpa mwanamke wa umri wa kuzaa bila mazungumzo marefu. Levetirasetamu haina mgongano huo, ila bei yake ni kubwa zaidi na si kila duka linayo. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, hata zile ambazo mume wako hajui kwamba unazitumia. Omba kuzungumza naye peke yako kama ni lazima.

Gharama zikiwazidi, muulizeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, siku ya kwanza au ya pili, msingoje siku ya kuruhusiwa ndipo mwanze kuuza mahindi.

Mkirudi nyumbani

Wengi hupewa warfarini kwa miezi mitatu hadi kumi na miwili, kutegemea chanzo. Dawa hii inadai kipimo cha INR, cha kuonyesha damu inachukua muda gani kuganda, ambacho kwa ugonjwa huu kinatakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Mwanzoni hupimwa mara kwa mara, baadaye kwa vipindi virefu. Kabla ya kutoka Mbeya uliza ni hospitali gani ya karibu inayopima INR, maana kupanda gari kila wiki hadi Mbeya hakuna anayekuweza kwa muda mrefu, na watu wanaoacha warfarini mara nyingi wanaacha kwa sababu ya nauli.

Mchicha, majani ya maboga na chainizi vina vitamini inayopingana na warfarini. Usiviache, kula kiasi kilekile wiki kwa wiki, ili dozi yako ipangwe kulingana na chakula chako. Ukiacha mboga ghafla damu inakuwa nyepesi mno, ukizifakamia ghafla inarudi kuganda. Diklofenaki na aspirini, ambazo kila duka la dawa linazitoa kwa anayesema mgongo unamuuma, zikae mbali nawe. Dawa za mizizi vilevile, hata kama bibi yako ndiye aliyezichemsha.

Kwa watu wa mpakani kuna la ziada. Dawa ikikosekana Tunduma, mtu anavuka kwa miguu kwenda kuinunua Nakonde, upande wa Zambia. Si vibaya, ila warfarini hutengenezwa kwa nguvu tofauti, ya miligramu 1, 3 na 5, na viwanda tofauti havitumii rangi moja. Usiseme "nilikuwa nameza kile cha bluu." Soma miligramu kwenye kasha, nenda na kasha la zamani, na ukiwa na shaka mpigie daktari simu kabla hujameza. Kinyesi cheusi kama lami, damu puani isiyokoma, mkojo mwekundu au kichwa kikali cha ghafla vinataka hospitali usiku uleule.

Je, sasa ana kifafa cha maisha? Kwa wengi, hapana. Degedege za siku za mwanzo ni dalili ya ubongo uliovimba, na uvimbe ukipungua nazo hukoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa zaidi ya elfu moja, ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya kumi ndiye anayepata degedege baadaye, na mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Walio hatarini zaidi ni waliovujiwa damu ubongoni na waliopata degedege tangu mwanzo. Ndiyo maana daktari huendelea na dawa ya kifafa kwa miezi kadhaa kisha huipunguza kidogo kidogo. Kuikata siku moja kwa kuwa "nimepona" kunaweza kuleta degedege kali kuliko ile ya kwanza.

Katika miezi hiyo mama asipike peke yake kwenye mafiga, asimwogeshe mtoto bila mtu karibu, amnyonyeshe akiwa ameketi chini kwenye mkeka. Kunyonyesha kunaruhusiwa akiwa kwenye warfarini. Akiwa kwenye fenobabitoni na mtoto analala kupita kiasi au ananyonya kivivu, apelekwe kliniki. Mwanaume asipande mti wala paa, asiendeshe bodaboda, na kama ni dereva wa lori, akabidhi funguo hadi daktari aandike kwamba anaweza kurudi. Najua maana ya kumwambia dereva hivyo katika mji unaoishi kwa malori. Bado ni lazima.

Vidonge vya mpango vyenye homoni mbili haviruhusiwi tena kwa mwanamke aliyepata ugonjwa huu. Kitanzi cha shaba hakina homoni na kinafaa. Njia nyinginezo zijadiliwe na mhudumu mwenye taarifa zako zote, maana dawa kadhaa za kifafa hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi.

Na mimba nyingine? Inawezekana, na wengi huzaa salama. Lakini warfarini humdhuru mtoto katika wiki za mwanzo, kwa hiyo ukikosa siku zako ukiwa bado unaimeza, nenda hospitali wiki hiyohiyo ubadilishiwe sindano za heparini; usisubiri tumbo lionekane. Hata kama ulishamaliza dawa miaka mitatu iliyopita, mwambie muuguzi wa kliniki siku ya kwanza ya kadi mpya, kwa sababu huenda ukahitaji sindano hizo wakati wa ujauzito na wiki sita baada ya kujifungua. Karatasi ya kuruhusiwa hospitalini ipige picha kwa simu, mtumie mume wako na dada yako, na nakala yenyewe ibandike ndani ya daftari la kliniki.